Kuunganisha Ruta Mbili bila Waya katika Nyumba ya Mawe ya Mji Mkongwe: Uchambuzi wa Kisa

Nyumba inayochambuliwa hapa ipo Mji Mkongwe wa Unguja. Ina chini na ghorofa moja, imejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa kuuzunguka ua wa ndani ulio wazi juu, na kuta zake kubwa zina unene unaokaribia nusu mita. Wanaokaa humo ni wapangaji wa nyumba ya wakfu: bibi mtu mzima, binti yake ambaye ni mwalimu, na wajukuu wawili, mmoja wao akiwa mwanafunzi wa chuo anayepata sehemu ya masomo yake kwa intaneti. Waya wa faiba huingia kupitia chumba cha mbele, kile kinachopakana na njia, na kuishia kwenye ruta ya kampuni ya intaneti. Ruta hiyo ilikuwa imewekwa ndani ya kidaka cha ukutani, mahali palipoonekana pazuri kwa sababu watoto hawapafikii na maji ya mvua hayapaingii.

Katika chumba cha mbele hapakuwa na malalamiko. Ukivuka ua na kupanda ngazi kuelekea vyumba vya nyuma vya darini, ambako ndiko familia inakolala na mwanafunzi anakosomea, simu zilikuwa zinaganda, masomo yanakatika katikati, na barua pepe zenye viambatisho zinagoma kuondoka. Familia ilidhani kasi ni ndogo, ikapandisha kifurushi kutoka megabiti 10 hadi megabiti 20 kwa sekunde. Malipo ya mwezi yaliongezeka, lakini darini hakukuwa na mabadiliko yoyote. Ndipo mjukuu mkubwa akaitoa kabatini ruta ya zamani, TP-Link TL-WR841N, akaiunganisha na ile ya mbele bila waya kwa mpangilio uitwao WDS, yaani ruta mbili kuwa daraja la hewani, akaiweka chumbani kwa bibi yake. Mistari ya Wi-Fi kwenye simu ikajaa. Simu za picha za kwenda Muscat, wanakoishi ndugu wa bibi, ziliendelea kuganda kama zamani.

Nilipoitwa, bibi alinieleza tatizo kwa usahihi ambao mafundi wengi hatuupati kwa wateja wetu: "Mwanangu, Wi-Fi imo, tena imejaa, lakini haiendi." Kuwamo kwa mawimbi ni jambo moja, na kwenda kwa data ni jambo jingine. Kisa hiki chote kinatokana na mambo hayo mawili kuchukuliwa kuwa ni kitu kimoja.

Vipimo kabla ya kugusa chochote

Jambo la kwanza lilikuwa kuijua laini yenyewe. Kompyuta iliunganishwa kwa waya kwenye tundu la LAN la ruta ya mbele, na kasi ikasomeka karibu megabiti 20, yaani ile ile inayolipiwa. Kipimo hiki huchukua dakika chache na hukata mzizi wa fitina: kampuni ilikuwa inatoa ilichouza, na fedha zilizoongezwa kwenye kifurushi zilikuwa zinaishia chumba cha mbele. Ningependa kila mwenye nyumba akifanye kabla ya kupiga simu ya malalamiko au kununua kifaa kipya, kwa sababu bila kipimo hicho hakuna njia ya kujua kama tatizo liko upande wa kampuni au ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Kisha nilipita vyumbani na simu yenye programu ya kupima nguvu za mawimbi. Nguvu hizo husomwa kwa dBm, na namba zake ni hasi, kwa hiyo kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yanavyokuwa na nguvu zaidi. Ngazi zake hazilingani na hesabu za kawaida: tofauti huhesabiwa kwa dB, na tofauti ya dB 3 ni nusu au mara mbili ya nguvu, na ya dB 10 ni mara kumi. Kwa simu za sauti na picha, mafundi hupenda kupata -67 au zaidi, na mtu akishafika -80 muunganisho huwa wa kubahatisha. Mbele ya kidaka simu ilisoma -40 na ushei. Uani ilishuka hadi kwenye -70. Chumbani kwa bibi, ruta ya pili ikiwa imezimwa, namba ilipanda na kushuka kati ya -82 na -86.

Ruta ya pili ilipowashwa, simu ile ile, mahali pale pale, ilisoma -38. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Mistari inayoonekana juu ya kioo cha simu hueleza safari moja tu, ile ya kati ya simu na ruta iliyo karibu nayo; haisemi lolote kuhusu safari iliyobaki. Ruta ya pili haizalishi intaneti, bali huipokea kutoka ya kwanza kwa mawimbi yale yale yanayopita katika kuta zile zile. Ikiwekwa mahali ambapo simu haiisikii ruta ya kwanza, nayo pia haitaisikia vizuri. Antena zake mbili za nje huipa nafuu kidogo kuliko simu, lakini nafuu ya dB chache haiwezi kufidia ukuta wa nusu mita. Mjukuu aliipeleka ruta kwenye tatizo, kama karibu kila mtu anavyofanya, na ilikuwa inapaswa kukaa kabla ya tatizo, pale ambapo mawimbi bado yana afya.

Hasara yake inaweza kupigiwa hesabu. Ruta hizi zinapozungumza kwa kiwango cha Wi-Fi kiitwacho 802.11n, katika chaneli yenye upana wa megahezi 20 na kwa mikondo miwili, huchagua mwendo mmoja kati ya ngazi zinazojulikana: megabiti 130 kwa sekunde panapokuwa pazuri sana, kisha 117, 104, 78, 52, 39, 26, hadi 13 panapokuwa pabaya. Kiungo cha kwenda chumbani kwa bibi kilikuwa kikicheza kati ya 13 na 26. Tena hiyo ni kasi ya hewani. Ukitoa muda wa kusubiri zamu, vichwa vya paketi (vipande vidogo ambamo data husafiri) na majibu ya kuthibitisha, data halisi huwa karibu nusu yake. Juu ya hayo, TL-WR841N ina redio moja tu, ya gigahezi 2.4, hivyo haiwezi kupokea na kutuma kwa wakati mmoja, na kila paketi hulazimika kupita hewani mara mbili katika chaneli ile ile. Ni kama kikao kinachoendeshwa na mkalimani mmoja: kila sentensi husemwa mara mbili, na kikao hurefuka ijapokuwa hakuna aliyeongeza neno. Kisha kuna paketi zinazopotea njiani na kurudiwa, ambazo kwenye -84 huwa nyingi. Kilichobaki kwenye simu ya bibi kilikuwa megabiti 2 hadi 4 zisizotulia, na paketi iliyotumwa kwenda ruta ya mbele tu, bila hata kutoka nje ya nyumba, wakati mwingine ilichukua milisekunde mia kadhaa kwenda na kurudi. Simu ya picha haivumilii hali hiyo, hata kifurushi kingekuwa cha megabiti 100.

Kuta, ua na kamba ya nguo

Urefu wa wimbi la gigahezi 2.4 ni sentimita 12.5 hivi, na wimbi hilo hupita katika mbao, kioo na kuta nyembamba za matofali bila taabu kubwa. Jiwe la matumbawe lililojengewa kwa chokaa ni jambo jingine. Ni zito, na lina vinyweleo vingi vinavyoshika unyevu na chumvi, na maji ni miongoni mwa vitu vinavyoyameza mawimbi haya kwa wingi. Unene nao una hesabu yake: ukuta ukiwa na unene maradufu, hasara ya ndani yake kwa dB nayo ni maradufu, maana yake ni kwamba nguvu inayobaki hupungua kwa kuzidishana, si kwa kutoana. Dari za boriti za mikoko, zilizojazwa mawe na kupigwa chokaa juu yake, hazina huruma kubwa kuliko kuta. Na kidaka kilichoonekana kuwa mahali pazuri pa kuweka ruta kilikuwa kimeizungushia jiwe nyuma, kulia, kushoto, juu na chini, kikaiachia upande mmoja tu wa kutokea, nao ulikuwa unaitazama njia badala ya kuitazama nyumba.

Nyumba za namna hii, hata hivyo, zina neema ambayo nyumba nyingi za matofali ya saruji zinazojengwa leo hazina, nayo ni ua wa ndani. Hewa haitozi ushuru mkubwa. Kutoka dirisha la chumba cha mbele linalofunguka uani hadi varanda ya juu inayopita mbele ya vyumba vya nyuma ni mita 12 hivi kwa mstari ulionyooka, na kwa umbali huo, pasipo kizuizi, hasara ya mawimbi ya gigahezi 2.4 kwa hesabu ni dB 62. Ruta inayotuma kwa dBm 20 ingesikika upande wa pili kwa -42. Kuta zinaiba zaidi ya hapo, lakini ukiweza kuzikwepa, umbali wenyewe si tatizo, kwani kuuongeza maradufu hugharimu dB 6 tu.

Kwa hiyo ruta ya kwanza iliondolewa kidakani na kuwekwa juu ya kabati fupi karibu na dirisha la uani. Waya mfupi wa faiba unaotoka kwenye kisanduku cha ukutani ulitosha kufika hapo kwa kupindishwa kwa mviringo mpana, na nasisitiza mpana, kwa sababu faiba ikikunjwa kama waya wa umeme hupoteza mwanga, na ikikunjwa sana huvunjika ndani bila alama yoyote ya nje. Ruta ya pili ilitolewa chumbani kwa bibi na kuwekwa juu ya rafu ya varanda ya darini, ikitazamana na dirisha lile la chini.

Mambo mawili madogo yalijitokeza wakati wa kupima, na yote mawili yanastahili kuelezwa kwa sababu hayamo katika vitabu vya maelekezo. La kwanza ni nondo. Dirisha la uani lina nondo za wima, na antena za ruta zote mbili zilikuwa zimesimamishwa wima kama kawaida. Antena iliyosimama hutoa mawimbi ambayo umeme wake unatikisika wima, na nondo zilizosimama sambamba nayo huyarudisha sehemu ya mawimbi hayo. Antena za ruta zote mbili zilipolazwa kwa mlalo, ubavu wa kila moja ukiielekea nyingine, kipimo kilipanda kwa dB chache. Ni lazima zilazwe zote mbili, kwani ukilaza za upande mmoja tu zitapishana na hasara itaongezeka. Aidha, antena ya fimbo hutoa nguvu zake kwa ubavu, na kutoka nchani mwake hutoka kidogo sana, kwa hiyo kuielekeza ncha ya antena kwenye ruta ya pili, kama wengi wanavyofanya kwa nia njema, ni kuinyima mawimbi.

La pili ni kamba ya kuanikia nguo. Ilipita katikati ya ua, juu kidogo ya usawa wa dirisha, na asubuhi ya kipimo ilikuwa imebeba kanga mbichi. Mawimbi ya redio hayapiti kama uzi. Yanahitaji uwazi ulionenepa katikati ya njia, na kwa mita 12 za gigahezi 2.4 uwazi huo una nusu-kipenyo cha sentimita 60 hivi. Nguo zilizoloa zilikuwa zinauziba, na kila upepo ulipozipeperusha namba zilitikisika pamoja nazo. Kamba ilihamishiwa ubavuni mwa ua, na kiungo kikatulia kwenye -55, kwa mwendo wa hewani wa megabiti 104 na mara nyingi 117.

Kutoka varandani, mawimbi ya ruta ya pili yanaingia chumbani kwa bibi kupitia mlango na dirisha la mbao badala ya jiwe. Simu yake sasa inasoma -58 pale ambapo ilisoma -38. Mistari imepungua mmoja, na kasi imepanda kutoka megabiti 3 hadi 18. Namba hizi mbili zikikaa pamoja zinaeleza kisa hiki vizuri kuliko mchoro wowote.

Mipangilio

Fremu ya kawaida ya Wi-Fi kati ya simu na ruta hutumia anwani tatu. Ruta mbili zinapogeuka kuwa daraja, ya nne huhitajika, kwa kuwa kuna anayetuma hewani, anayepokea hewani, chanzo halisi cha data, na mlengwa halisi wake. Muundo wa anwani nne umo katika kiwango cha 802.11 tangu toleo la 1997, lakini namna ya kuutumia kujenga WDS haikuwahi kuwekewa kanuni moja inayowabana watengenezaji wote, na ndiyo sababu ruta za kampuni mbili tofauti huweza kukataana hata kama menyu za zote mbili zina neno WDS. Katika TL-WR841N, WDS huwashwa kwenye ruta ya pili peke yake: inatafuta mitandao iliyo karibu, unachagua ule wa nyumbani, unaandika nenosiri lake, nayo inajiunga. Hilo mjukuu alilifanya sawasawa. Lililobaki ni yale ambayo menyu haimlazimishi mtu kuyafanya.

Ruta ya kampuni ilikuwa na anwani 192.168.1.1 na ilikuwa inagawa anwani kuanzia 192.168.1.2 hadi 192.168.1.254. Ruta ya pili ilikuwa imebaki na anwani yake ya kiwandani, 192.168.0.1, na huduma yake ya DHCP, yaani ya kugawa anwani, ilikuwa imewashwa. Nyumba moja ilikuwa na wagawaji wawili wasiojuana. Kifaa kinapoingia mtandaoni huomba anwani na kumkubali anayejibu kwanza. Simu iliyojibiwa na ruta ya pili ilipewa njia ya kutokea ambayo haina intaneti nyuma yake. Kwa kuwa daraja hupitisha maombi pande zote mbili, hata vifaa vya chumba cha mbele vilikuwa vinanaswa mara mojamoja, jambo ambalo mwalimu alilieleza kama "siku nyingine inakataa tu bila sababu". Sababu ilikuwepo, na ilikuwa hiyo.

Marekebisho yalifuata mpangilio ambao ni vyema usivurugwe. Kwanza, mgawo wa anwani katika ruta ya mbele ulibanwa uanzie 192.168.1.20, ili namba za chini zibaki za vifaa vya kudumu. Pili, ruta ya darini ilibadilishwa anwani kuwa 192.168.1.2, ikawashwa upya, na nikaingia tena kwenye menyu yake kwa anwani hiyo mpya. Tatu, WDS ikaunganishwa na kuhakikiwa. Kuzima DHCP ya ruta ya pili kuliachwa hadi mwisho kabisa, kwa sababu ukiizima mapema na daraja likawa bado halijasimama, kompyuta yako haitapata anwani kutoka popote, na utalazimika kuiandikia kwa mkono ndipo uweze kuifikia ruta tena. Anwani 192.168.1.2 iliandikwa kwenye karatasi na kubandikwa chini ya ruta, maana fundi atakayekuja baadaye hatakuwa na namna nyepesi ya kuijua.

Chaneli nayo haikuachwa ijichagulie. Ruta ya mbele ilikuwa kwenye mpangilio wa kujichagulia, na ruta ya namna hiyo inaweza kurudi na chaneli nyingine umeme unaporejea, huku ya pili ikiwa inasubiri kwenye ile ya zamani. Programu ya simu ilionyesha kwamba mitandao ya nyumba za wageni za jirani inaingia kupitia uwazi wa juu wa ua na kujazana kwenye chaneli 1 na 6. Ruta zote mbili ziliwekwa chaneli 11, upana wa megahezi 20. Upana wa 40 huvutia kwa namba zake kubwa, lakini katika mji uliobanana kama huu huchukua nafasi ya majirani na kuokota makelele yao pia.

Usalama ulihitaji uangalifu wa pekee, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Ruta ya mbele ilikuwa imewekwa kukubali WPA na WPA2, kinga mbili za Wi-Fi, kwa pamoja, zikiwa na TKIP na AES, njia mbili za kuificha data. Madhara yake ni mawili. TKIP ni kinga dhaifu ya kizamani, na zaidi ya hayo kiwango cha 802.11n hakiruhusu kasi zake za juu kutumika pamoja nayo; kiungo kikiangukia TKIP kitaishia megabiti 54 hata kama ruta zinatazamana uso kwa uso. Zote mbili ziliwekwa WPA2 yenye AES pekee. Mifumo ya zamani ya WDS ilikuwa ikiomba WEP, kinga ambayo udhaifu wake umejulikana hadharani tangu 2001. Ruta isiyoweza zaidi ya hapo haifai kuunganishwa na nyumba ya mtu yeyote. Aidha, Oktoba 2017 Mathy Vanhoef wa Chuo Kikuu cha Leuven, Ubelgiji, alitangaza udhaifu uitwao KRACK katika namna kifaa kinavyopokea funguo za WPA2, na ruta inayojiunga na nyingine kama mteja imo katika kundi linalohusika. Kwa sababu hiyo programu endeshi ya ruta ya kabatini ilisasishwa kabla ya kuwekwa kazini, neno la kuingilia kwenye menyu likabadilishwa kutoka lile la kiwandani, na usimamizi wa mbali ukafungwa.

Uthibitisho wa mwisho ulikuwa mwepesi. Katika ukurasa wa hali wa TL-WR841N kuna mstari unaoonyesha hatua za daraja, na neno linalotakiwa ni Run. Likionekana Scan au Auth bila kubadilika, ruta bado inatafuta au nenosiri limekosewa. Baada ya hapo kompyuta iliyokuwa darini ilituma paketi mfululizo kwenda 192.168.1.1, zikarudi zote, nyingi kwa milisekunde 3 hadi 8. Wakati wa majaribio ruta ya pili ilipewa jina lake la Wi-Fi ili ijulikane simu imeshika wapi. Kazi ilipokamilika majina na nenosiri yalifanywa mamoja, ili bibi anaposhuka kwenda chumba cha mbele asihitaji kuchagua chochote. Simu ndiyo huamua lini ihame, na baadhi ya simu hung'ang'ania ruta ya mbali. Kuzima na kuwasha Wi-Fi kunatosha.

Umeme

Umeme unapokatika na kurudi, ruta ya darini huweza kuwaka kabla ya ile ya mbele kuwa tayari, lakini huendelea kutafuta hadi iipate, mradi chaneli haijabadilika. Familia ilitaka kununua betri ndogo ya ruta. Ruta ya kampuni inatumia volti 12, ilhali TL-WR841N inatumia volti 9, na plagi zao zinaweza kuingiliana. Betri iliyonunuliwa ina matundu ya volti zote mbili, na kila waya ulifungwa utepe wa rangi yake, kwa sababu kuchomeka volti 12 kwenye kifaa cha volti 9 ni njia ya haraka ya kuipoteza ruta pamoja na kazi yote iliyoelezwa hapo juu.

Njia zilizoachwa

Waya wa Ethaneti ungekuwa bora kuliko daraja la hewani. Unafika mita 100 bila kupoteza kasi, haujali kanga wala nondo, na unaiacha redio ya ruta ya pili ihudumie simu peke yake. Sikuuficha ukweli huo kwa familia. Lakini nyumba ni ya wakfu, mpangaji hawezi kutoboa kuta bila idhini, na Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, una masharti kuhusu kinachofanywa kwenye majengo yake, masharti ambayo binafsi naona yana haki yake: ukuta wa chokaa uliotobolewa ovyo huanza kumomonyoka kutokea kwenye tundu. Vifaa vya kupitisha data katika waya za umeme vilijadiliwa na kuachwa, kwa kuwa chini na darini kuna mita tofauti na waya za zamani zisizojulikana zinapita wapi. Seti ya ruta za mesh, yaani ruta zinazofanya kazi kama mtandao mmoja, zenye redio ya pili ya gigahezi 5 kwa ajili ya kiungo ingeondoa hasara ya mkalimani, lakini ingegharimu fedha ambazo kifurushi cha megabiti 20 hakizihitaji, kwani kiungo cha sasa kina nafasi kuliko laini yenyewe.

Hapo ndipo ulipo mpaka wa suluhisho hili. Kiungo cha megabiti 104 hewani hutoa data halisi ya megabiti 50 hivi, na ikigawanywa kwa safari mbili hubaki 25 au zaidi kidogo. Kwa laini ya 20, hasara ya kugawanya haionekani. Familia ikipanda hadi 50, daraja hili litakuwa ndilo kizuizi, nyongeza yote itaishia tena chumba cha mbele, na wakati huo ombi la kupitisha waya mmoja ukingoni mwa ua, bila kutoboa, litastahili kuandikwa.

Jiko la nyuma, lililo chini ya varanda, bado linapata mawimbi hafifu. Mwanafunzi aliuliza kama ruta ya tatu inaweza kuongezwa kwa namna hii hii. Nilimshauri asifanye hivyo, kwa sababu kila paketi ingepita hewani mara tatu katika chaneli moja na darini kungerudi kuwa kuzito. Jikoni simu ya picha haipigwi, ujumbe wa maandishi unafika, na mlango wa jiko ukiachwa wazi kuelekea uani kipimo kinapanda hadi -70.